Muhammed Said Abdulla na Maana ya Taharuki

Marehemu Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka wa 1918. Alihudumu katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari, na kuanzia 1958 hadi 1968 alihariri gazeti la Mkulima. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957-1958, ikachapishwa mwaka wa 1960.

Humo maiti inapatikana penye mzimu. Nani muuaji? Swali hilo linalocheleweshewa jibu ndilo taharuki. Mpangilio wa matukio yanayolifikia jibu ndio msuko. Pale penye mzimu ni sehemu ya mandhari. Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, ni mhusika mkuu; swahiba wake Najum ni mhusika msaidizi. Hatimaye fumbo lafumbuliwa kwa hoja, si kwa ramli.

Abdulla alifariki mwaka wa 1991. Mwanafunzi wa Nchiru anayekariri istilahi kwa ajili ya mtihani, na aisome riwaya kwanza: ataikuta taharuki moyoni mwake kabla ya kuiandika daftarini.