Profesa Aliyemsaka Gombesa

Aghalabu watoto wasikiapo habari za wanyama wa kale hudhani kuwa wote wamekwisha, wamesalia mifupa na alama ndani ya mawe. Maisha ya Profesa J.L.B. Smith wa Afrika Kusini yaonyesha kuwa bahari yetu hii ina siri zaidi ya hayo.

Smith alizaliwa Graaff-Reinet mwaka 1897. Katika Vita Vikuu vya Kwanza aliletwa kupigana Afrika Mashariki, akarudi kwao mgonjwa, na afya yake haikutengenea tena. Kazi yake ilikuwa kufundisha kemia chuoni Grahamstown, walakini moyo wake ulikuwa kwa samaki.

Desemba 1938, meli ya uvuvi ilimnasa karibu na mji wa East London samaki wa buluu, mrefu wa mita moja na nusu, mwenye magamba magumu na mapezi yaliyoota juu ya vigutu vya nyama, mfano wa miguu. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho mjini humo, alimchora akampelekea Smith barua. Smith alipofika, Februari 1939, matumbo yalikwisha kutupwa, imebaki ngozi iliyojazwa. Hata hivyo alimtambua. Alikuwa silikanti, jamii iliyojulikana kwa alama za mawe tu, ikidhaniwa kutoweka pamoja na dainosari, yapata miaka milioni 66 iliyopita. Alimwita Latimeria, kwa heshima ya bibi yule.

Tangu hapo hakutulia. Alitaka samaki mzima, na matumbo yake. Alitawanya vikaratasi vyenye picha, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akiahidi zawadi ya pauni 100. Yeye na mkewe Margaret walizunguka mwambao wakikusanya samaki, na mwaka 1952, huko Unguja, vikaratasi hivyo vilimfikia Nahodha Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara na visiwa vya Ngazija.

Desemba ile ile, Ahamadi Abdallah wa Domoni, kisiwani Nzwani, alimvua kwa mshipi. Alikuwa tayari kuuzwa sokoni, mwalimu mmoja akamtambua kwa picha. Akachukuliwa kwa miguu kuvuka milima hadi kwa Hunt. Smith, akihofia samaki ataoza, alimwomba Waziri Mkuu Malan ndege ya jeshi, akaruka hadi Mayotte. Alipomwona alipiga magoti akalia. Miaka 14 ilikuwa imepita.

Ajabu ni kwamba wavuvi wa kule walimjua siku zote, wakimwita gombesa. Waliokuwa hawamjui ni wasomi.

Smith alifariki mwaka 1968. Alidhani gombesa hutambaa chini baharini kwa mapezi yale. Lakini mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alizama kwa chombo akamwona akiogelea, mapezi yakipokezana kama miguu ya mnyama atembeaye. Jamaa yake kamongo wa Ziwa Victoria, avutaye hewa, tunaye hapa Kenya. Na mwaka 2001 gombesa mwenyewe alivuliwa Malindi.

Basi, mvuvi, ukipata samaki wa sura ngeni usiharakishe kisu. Muulize mzee, kisha umwite na msomi. Siku ile pale Domoni, kuuliza kwa mtu mmoja kuliokoa kazi ya miaka 14.