Papa Paulo wa Sita na Vidonge vya Tiba

Hapa Keringet wengi wetu tunamjua Papa Paulo wa Sita kama aliyekataza vidonge vya kupanga uzazi. Alizaliwa Concesio, Italia, 1897, akawa Papa 1963, na mwaka 1969 alifika Uganda kuwaheshimu Mashahidi. Lakini waraka wake wa 1968, Humanae Vitae, tumeusoma nusu! Fungu la 15 linaruhusu dawa inayohitajika kutibu ugonjwa, hata ikizuia mimba, mradi kuzuia huko kusiwe ndiko kunakokusudiwa. Mama anayetokwa na damu nyingi mno kila mwezi, akiandikiwa na daktari vidonge vya homoni vya kumtibu, hatendi dhambi. Baba anayevitupa chooni akidhani analitetea Kanisa hajamsikia Paulo, aliyefariki 1978 na kutangazwa mtakatifu 2018.