John von Neumann, Mtaalamu wa Hesabu za Mkwara

Mliokaa nami bwenini Kidato cha Tano mtakumbuka jinsi tulivyocheza poka kwa mwanga wa mshumaa, taa zikiisha kuzimwa. Mimi nilijiona bingwa wa kupiga mkwara. Siku ya kufunga shule nilibaki sina hata senti ya nauli. Nilipofika Chuo Kikuu ndipo nilipomjua mtu aliyekwisha kulieleza kosa langu kabla sijazaliwa.

John von Neumann alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 28 Desemba 1903. Mwaka 1926 alipata udaktari wa hisabati Budapest, na mwaka huohuo stashahada ya uhandisi wa kemia Zurich. Mwaka 1928 alichapisha uthibitisho kwamba katika mchezo wa watu wawili, ambamo faida ya mmoja ni hasara ya mwenzake, kila mchezaji anayo njia ya kujilinda hata mpinzani akiijua. Alihamia Princeton, Marekani, mwaka 1930. Mwaka 1944 yeye na Oskar Morgenstern walitoa kitabu kikubwa juu ya nadharia ya michezo, na ndani yake wakaichambua poka.

Walionyesha kwamba mkwara una kipimo chake. Asiyepiga mkwara kamwe, akiweka dau wenzake hujitoa; anayeupiga kila mara hufuatwa mpaka aishiwe. Tuseme mezani pana shilingi 100, na mpinzani ameweka 100 nyingine. Ukimfuata unahatarisha 100 ili upate 200. Basi, ikiwa mkwara wake ni mmoja katika madau matatu, kumfuata na kujitoa ni sawasawa. Ukizidi hapo, mfuate. Ukipungua, tupa karata.

Mwaka 1951 George Brown alieleza namna ya kucheza kwa kuhesabu mpinzani amefanya nini mara ngapi, kisha kujibu kwa kufuata hesabu hiyo. Mwaka huohuo Julia Robinson alithibitisha kwamba wachezaji wawili wa mchezo wa namna hii wakifanya hivyo kwa muda mrefu, hesabu zao huikaribia njia ile ya von Neumann.

Bwana huyu hakuishia kwenye karata. Wakati wa vita alishiriki kutengeneza bomu la atomiki, na mwaka 1945 aliandika taarifa juu ya muundo wa kompyuta ambao mashine nyingi zinaufuata hadi leo. Saratani ilimwua Washington tarehe 8 Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 53.

Nalirudia lile bweni letu. Mwenzetu mmoja, mpole asiyesema sana, alikuwa na daftari. Kila nilipopiga mkwara ukafaulu, mimi kwa majigambo nilifunua karata zangu ili wote wacheke, yeye aliandika. Katika madau yangu makubwa 20, mikwara ilikuwa 14. Hakusema neno. Wiki ya mwisho aliacha kujitoa, akanifuata kila mara.

Basi nikajitwika sanduku la bati, nikatembea kupita Tengeru na Usa River hadi Kikatiti. Nilifika usiku. Nilimwambia mama kwamba nauli imeibiwa. Nauli hiyo aliipata kwa kuuza ndizi sokoni Tengeru. Alinitazama, akanipa chakula, asiniulize tena. Naye alikuwa na hesabu yake ya miaka 17, na sikuhitaji daftari kujua imesema nini. Tangu usiku ule sijacheza karata kwa fedha, wala sikumdanganya mama tena hadi alipofariki.

Mwenye daftari, kama unasoma haya, karibu kwenye mkutano wetu. Nauli sikudai. Nataka kukushukuru.