Teresia na Miezi 18 ya Giza



Swali ambalo vijana huniuliza kuliko mengine ni hili: Frateri, hivi mtu anayesali kweli anaweza kufika mahali akaona kama mbinguni hakuna kitu? Mara nyingi anayeuliza ana mgonjwa nyumbani, au ametoka kuzika. Nimesoma falsafa, na hoja za kumjibu ninazo, ila mtu aliyetoka makaburini humpi hoja. Kwa hiyo leo nawasimulia habari za Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Yule wa kwenye sanamu, mwenye mawaridi na msalaba kifuani, mnamfahamu. Mimi namtaka yule wa mwisho, ambaye sanamu haimwonyeshi.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1873 huko Alençon, Ufaransa, kitinda mimba wa Louis na Zélie Martin. Mama yake alifariki kwa saratani ya titi mwaka 1877, mtoto akiwa na miaka minne. Familia ikahamia Lisieux. Dada yake Pauline, aliyekuwa amemchagua awe mama yake wa pili, naye akaondoka kwenda utawani kwa Wakarmeli mwaka 1882. Teresia mwenyewe aliingia monasteri hiyohiyo tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka 15 tu. Mwaka uliofuata baba yake, mzee mpole aliyependwa na watu, akapatwa na ugonjwa wa akili na kulazwa katika hospitali ya Bon Sauveur mjini Caen kwa miaka mitatu. Mjini watu walinong'ona. Wengine walisema eti mabinti zake ndio waliomvunja moyo kwa kwenda utawani. Kwa hiyo tusidhani kwamba huyu binti alikuwa hajaonja machungu. Alikuwa ameyaonja, na imani yake ilikuwa imesimama. Aliandika kwamba zamani hakuweza hata kuamini kwamba kuna watu wasioamini kweli. Alidhani wanasema hivyo kwa ubishi tu.

Ukafika mwaka 1896. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, tarehe 3 Aprili, alikohoa damu. Kifua kikuu. Wakati ule hakikuwa na dawa, na yeye alijua maana yake. Cha ajabu, alifurahi: aliona Bwana arusi anabisha hodi. Mpaka hapo ni Teresia yule yule wa kwenye sanamu.

Siku chache tu baadaye, katika majira ya Pasaka, giza likamwingia. Kanisa zima linaimba Aleluya, yeye wazo la mbingu, lililokuwa furaha yake tangu utotoni, limegeuka kuwa vita na mateso. Halikuwa jambo la wiki moja. Liliendelea mpaka alipokufa.

Ilikuwaje huko ndani? Katika daftari aliloliandika Juni na Julai 1897 kwa agizo la mama mkuu wake, anaeleza kwamba alipojaribu kupumzisha moyo kwa kuikumbuka nchi ya mbinguni, ilikuwa kana kwamba giza lenyewe linapata sauti na kumdhihaki: endelea kuota, kifo hakitakupa unachokitumaini, kitakupa usiku mzito zaidi, usiku wa utupu. Alipofika hapo akaacha kuandika habari hiyo, akihofu kwamba amekaribia kukufuru. Na kitandani alimwambia Pauline kwamba hoja za wanaokana Mungu zilikuwa zinamjia kichwani zenyewe, kwamba sayansi itazidi kusonga mbele na siku moja itaeleza kila kitu bila Mungu. Mimi niliyekaa darasani na hoja hizo hizo, zikiwa zimeandikwa ubaoni kwa chaki, napaona hapa kwa namna ya pekee. Darasani unazijibu, unapata alama, unaenda kula. Yeye zilimjia akiwa na homa, mapafu yakiisha.

Hapa lazima tuwe makini, maana wengine wanasema Teresia alipoteza imani, na wengine wanajaribu kulipunguza jambo, kwamba alikuwa amechoka tu. Katekisimu (KKK 2088) inatofautisha shaka la hiari, yaani kukataa kuyakubali yale ambayo Mungu amefunua, na shaka lisilo la hiari, yaani kusitasita, kushindwa kuyashinda mapingamizi, wasiwasi unaoletwa na giza la mambo ya imani. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kusadiki ni tendo la akili linalosukumwa na utashi kwa neema ya Mungu. Ukilielewa hilo unaona kwa nini mtu anaweza kukosa kabisa hisia ya imani na bado akawa anasadiki. Teresia alikosa hisia yote. Utashi haukuondoka. Kwa ushauri wa padri aliandika Kanuni ya Imani kwa damu yake mwenyewe akaibeba kifuani, karibu na moyo, usiku na mchana. Anasema kwamba katika mwaka ule mmoja alifanya matendo ya imani mengi kuliko maisha yake yote ya nyuma. Masista wenzake hawakujua. Walisoma mashairi aliyokuwa akitunga kuhusu furaha ya mbinguni wakadhani anaelea kwenye faraja. Ilibidi amweleze mama mkuu kwamba alikuwa anaimba kile anachotaka kukisadiki.

Kuna tukio moja la miezi hiyo ambalo halisimuliwi sana. Mtu mmoja aitwaye Léo Taxil alikuwa amewadanganya Wakatoliki wa Ufaransa kwa miaka kadhaa kwamba kuna mwanamke, Diana Vaughan, aliyetoka kwenye ibada za shetani akaongoka. Teresia alimwamini, akamwandikia, akapata hata jibu. Tarehe 19 Aprili 1897, Jumatatu ya Pasaka, Taxil alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini Paris akatangaza kwamba Diana hakuwahi kuwepo. Yote ni utani wake. Na picha aliyoionyesha ukumbini ilikuwa ya Teresia mwenyewe, amevaa kama Yoana wa Arc katika mchezo wa kuigiza wa watawa. Hebu fikiria: uko gizani, unajiuliza kama yote unayosadiki ni hadithi, halafu unachekwa hadharani kwa sababu ya hadithi uliyoiamini. Aliichana ile barua.

Alichofanya na giza lake ndicho kinachonigusa kuliko yote. Hakuwaona tena wasioamini kama watu wa mbali. Alisema amekaa nao meza moja, anakula mkate mchungu pamoja nao, na hataki kuinuka mpaka Bwana atakapotaka, akiomba kwa niaba yao na yake. Komunyo yake ya mwisho duniani, tarehe 19 Agosti 1897, aliitolea kwa ajili ya Hyacinthe Loyson, padri aliyekuwa Mkarmeli kisha akaliacha Kanisa. Baada ya siku hiyo hakuweza tena kupokea, kwa kutapika na udhaifu. Ugonjwa ulikuwa umefika tumboni. Maumivu yalifika mahali akamwonya dada yake asiache dawa zenye sumu karibu na wagonjwa wanaoteseka namna ile, akasema kama asingekuwa na imani asingesita kujiua. Aliyesema hivyo, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997. Kama na wewe maumivu yamekufikisha hapo, usikae nalo peke yako. Mwambie padri, mzazi, daktari, mtu yeyote unayemwamini, leo hii. Yeye mwenyewe hakunyamaza.

Pembeni ya kitanda kile alikuwa na mtu mwingine wa kumbeba: mseminari. Maurice Bellière, kijana aliyekuwa na wasiwasi kuhusu wito wake, aliiandikia monasteri mwaka 1895 akiomba sista wa kumwombea, akapewa Teresia. Walikuwa wakiandikiana barua, naye aliendelea kumtia moyo hata mkono ulipokuwa unamtetemeka. Tarehe 29 Septemba 1897 Bellière alipanda meli kwenda Algeria kuanza unovisi wa Mapadre Weupe, shirika lile lile lililoleta Injili Tabora na Bukoba. Kesho yake jioni Teresia alifariki, baada ya siku nzima ya kuhangaika kupumua, akiwa na miaka 24.

Bellière alipata upadri na kutumwa Nyasa, Malawi ya leo. Alirudi Ufaransa mgonjwa, akafariki mwaka 1907 akiwa na miaka 33, huko Caen, katika hospitali ile ile ya Bon Sauveur alikolazwa Mzee Martin.