Carl Georg Schillings

Carl Georg Schillings (Düren, 11 Desemba 1865 – Berlin, 29 Januari 1921) alikuwa mwindaji, mpigapicha na mwandishi kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa picha za wanyamapori alizopiga mchana na usiku katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Tanzania, wakati wa ukoloni wa Kijerumani. Ni mmoja wa watu wa kwanza kupiga picha za simba, vifaru na twiga wakiwa huru porini.

Safari za Afrika Mashariki

Schillings alifika Afrika Mashariki mara ya kwanza mwaka 1896, katika msafara wa mpelelezi Max Schöller. Baadaye alirudi mara kadhaa hadi mwaka 1904, akiongoza misafara yake mwenyewe katika nyika za Wamaasai, karibu na mlima Kilimanjaro na kando ya mto Pangani.

Mwanzoni alikuja kuwinda. Aliua wanyama wengi na kupeleka ngozi na mifupa yao kwenye makumbusho ya Ujerumani. Kamera aliitumia zaidi katika safari za baadaye. Vyombo vyake vilikuwa vizito, na picha zilipigwa kwenye mabamba ya kioo yanayovunjika kwa urahisi. Mizigo hiyo yote ilibebwa na wapagazi Waafrika. Bila wao kazi hiyo isingewezekana, ingawa sifa zilimwendea mwenye msafara peke yake.

Upigaji picha wa mchana

Mnyama wa porini hamruhusu mtu kumkaribia. Kwa sababu hiyo Schillings alitumia lenzi ndefu ya kuvuta mbali, iliyotengenezwa na kampuni ya Goerz ya Berlin.

Lenzi ya namna hiyo ina tabia yake. Sehemu ya picha inayoonekana kwa ukali, kuanzia mbele hadi nyuma, huwa nyembamba. Mambo matatu huipunguza: tundu la lenzi likifunguliwa sana, lenzi ikiwa ndefu, na kinachopigwa picha kikiwa karibu. Kinachobaki nje ya sehemu hiyo huonekana kama ukungu. Mandharinyuma yakiwa mbali na mnyama, ukungu huo huongezeka.

Mabamba ya wakati ule yalihitaji mwanga mwingi, nazo lenzi ndefu ziliingiza mwanga mdogo. Mpigapicha akifunga tundu ili aone vizuri mbele na nyuma, ilimbidi aache mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi, na mnyama akitembea picha iliharibika. Akilifungua, alimpata mnyama kabla hajasogea, lakini majani ya mbele na vilima vya nyuma vilififia. Akikosea kidogo kukadiria umbali, mti ulitoka mkali na mnyama akafifia.

Faida yake ni kwamba mnyama hujitenga na vichaka. Pundamilia au twiga aliyesimama kwenye miti huweza kupotea machoni ikiwa kila kitu ni kikali. Mandharinyuma yakififia, umbo lake huonekana wazi.

Upigaji picha wa usiku

Usiku Schillings alitumia unga wa magnesi unaowaka ghafla kwa mwanga mkali. Kamera ilitegwa, na mnyama mwenyewe aliweza kuufyatua mtego. Hapa mnyama hakutengwa na ukungu bali na giza, kwa kuwa mwanga ulifika karibu tu na kilicho nyuma kilibaki cheusi.

Ili kuwavuta simba, aliwafunga ng'ombe na punda kama chambo. Baadhi ya picha zake maarufu zinaonyesha simba wakimkaribia mnyama aliyefungwa asiyeweza kukimbia. Kwa maadili ya leo jambo hilo lisingekubalika kirahisi.

Vitabu

Mwaka 1905 alitoa kitabu Mit Blitzlicht und Büchse, maana yake "Kwa mwanga wa mwako na bunduki", kikiwa na picha 302. Mwaka 1906 alitoa Der Zauber des Elelescho, kilichopewa jina la kichaka chenye harufu nzuri kinachojulikana na Wamaasai kama leleshwa.

Picha zake zilitangazwa kuwa hazikurekebishwa kwa mkono. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwani wasomaji wa Ulaya walizoea michoro ya wanyama iliyotiwa chumvi. Kwa hiyo hata picha zenye ukungu na zisizo kamili zilichapishwa.

Uhifadhi

Schillings aliona wanyama wakipungua haraka, hasa tembo waliouawa kwa ajili ya pembe. Aliporudi Ujerumani alitoa mihadhara akionyesha picha zake na kudai wanyama hao walindwe. Hata hivyo yeye mwenyewe alikuwa ameua wengi, na historia yake hubeba mambo yote mawili.

Urithi

Wapigapicha wengine walifuata njia hiyo katika Afrika Mashariki, wakiwemo Cherry Kearton na Arthur Radclyffe Dugmore, waliofika mwaka 1909. Leo wageni wa hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, kama vile Tarangire katika mkoa wa Manyara, hupiga picha kwa kanuni ileile ya lenzi ndefu na tundu lililofunguliwa. Simu za kisasa nazo hufifisha mandharinyuma, lakini nyingi hufanya hivyo kwa hesabu za programu, kwa kuwa lenzi zake ni ndogo mno kuleta ukungu mkubwa zenyewe.