Ruth Sager, mama wa urithi wa upande mmoja
KIGALI. Ruth Sager alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1918. Alianza na zao ambalo wafanyabiashara wa Rusumo na Gatuna wanalijua vizuri: mahindi. Baada ya kupata shahada ya udaktari mwaka 1948, alihamia kwenye mwani wa kijani wa seli moja. Mwaka 1954 alionyesha kuwa mwani huo hurithi baadhi ya sifa kutoka kwa mzazi mmoja tu. Baadaye, kwa kutumia mwani uliobadilika, ukiwemo usiostahimili joto, alichora ramani ya jeni za kloroplasti, sehemu inayotengeneza chakula kwa mwanga. Wengi walimtilia shaka, na uprofesa aliupata mwaka 1966 tu. Alifariki mwaka 1997, jeni hizo zikiwa zimekubalika kote.