Rube Foster: Mrushaji wa Texas aliyewapa weusi ligi yao

Anayetoka Fort Worth, akapitia Waco na kushika barabara kuu namba 6 kuelekea Houston, hupita katika mji mdogo uitwao Calvert. Wasomaji wetu mlioko Texas, wengi wenu mmepita hapo bila kusimama, nasi hatuwalaumu, maana mji wenyewe unakwisha kabla hujamaliza soda yako. Hapo ndipo alipozaliwa Andrew Foster, tarehe 17 Septemba 1879, mtoto wa mchungaji wa kanisa la Methodisti la watu weusi. Mji huo ulikua kandokando ya reli iliyotoka Houston, na kijana huyo aliacha shule mapema akaondoka kwenda kutafuta mpira.

Tunamleta kwenu leo kwa sababu watoto wetu wanavaa kofia za Rangers na Astros, na kelele za ubingwa wa Houston wa 2017 na 2022 na ule wa Rangers wa 2023 tumezisikia sote, lakini jina la mtu huyu ni wachache kati yetu wanaolijua.

Kwa wale ambao besiboli bado ni fumbo: mrushaji husimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka. Mrushaji hodari anaweza kuushinda mchezo karibu peke yake, na Foster, jitu la miraba minne, alikuwa hodari hasa.

Timu yake ya kwanza ilikuwa Yellow Jackets, ambayo vitabu vingine huiita ya Fort Worth na vingine ya Waco. Ilizunguka Texas na majimbo ya jirani, na Foster alikuja kukumbuka kwamba hata weusi wenzao waliwafungia milango ya nyumba zao, kwa kuwa mchezaji mpira alihesabiwa mhuni. Kwa wazungu mlango ulikuwa umefungwa zamani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 timu kubwa zilikuwa zimewatoa weusi, bila sheria iliyoandikwa popote, kwa makubaliano ya kimya tu.

Mwaka 1902 alifika Chicago. Mwaka uliofuata alikuwa na Cuban X-Giants, timu ya Wamarekani weusi licha ya jina lake, akashinda michezo minne katika fainali dhidi ya Philadelphia Giants. Mwaka 1904 akahamia kwa hao hao Philadelphia aliowapiga, akawapiga waliokuwa wenzake, na katika mchezo mmoja aliwatoa wapigaji 18. Husimuliwa kwamba jina la Rube alilipata baada ya kumshinda Rube Waddell, mrushaji mashuhuri wa kizungu. Husimuliwa pia kwamba alimfundisha Christy Mathewson wa New York mpira wake wa kupinda kinyume. Hilo la pili sisi tunalichukua kama hadithi.

Tukio moja linatueleza mengi kuliko hayo. Oktoba 1909, Leland Giants ya Chicago, ambayo Foster aliiongoza, ilicheza michezo mitatu na Chicago Cubs, mabingwa wa dunia wa 1907 na 1908. Foster alikuwa amevunjika mguu miezi michache kabla, lakini mchezo wa pili aliurusha mwenyewe. Hadi awamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, walikuwa mbele 5-2. Cubs wakasawazisha. Kisha, wakati Foster akibishana, mchezaji mmoja wa Cubs akachomoka mbio na kufunga. Weusi walilalamika kwamba mchezo ulikuwa umesimama, mwamuzi akaikubali pointi ile. 6-5. Foster aliomba marudio, hakuyapata.

Mkono wake haukuwahi kuwa tatizo. Kalenda, waamuzi na milango ya viwanja vilikuwa mikononi mwa watu wengine, na Foster akaanza kuvitafuta hivyo. Mwaka 1911 aliingia ubia na mzungu mmoja, John Schorling, wakaunda Chicago American Giants, wakicheza katika uwanja wa zamani wa White Sox. Kurusha akakupunguza kidogo kidogo, akawa meneja anayekaa na kiko mdomoni, na inasemekana alitoa maagizo kwa kiko hicho hicho.

Februari 1920 aliwakusanya wenye timu katika jengo la YMCA la weusi huko Kansas City. Wao walidhani wanakuja kujadili. Yeye alikuja na hati za usajili tayari. Ikazaliwa Negro National League, timu nane. American Giants wakachukua mataji matatu ya kwanza, na hapo manung'uniko yakaanza: rais wa ligi ndiye mwenye timu bingwa, ndiye mpanga ratiba, na alikata asilimia 5 ya mapato ya getini. Manung'uniko hayo yalikuwa na msingi. Lakini ni yeye pia aliyeachia wachezaji wazuri waende kwa timu dhaifu, na aliyetoa fedha pale timu iliposhindwa kulipa. Ligi nzima ilikaa kichwani mwa mtu mmoja.

Mwaka 1926 kichwa hicho kilichoka. Alianza kuona na kuamini mambo yasiyokuwapo, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kankakee, Illinois. Mwezi huo huo wa Septemba, mdogo wake kwa baba, Willie, ambaye Rube alimnyima nafasi alipokuwa kijana na kisha akamnyakua kutoka Memphis alipokuwa nyota, alirusha michezo miwili siku moja dhidi ya Kansas City Monarchs na kuishinda yote, akawapa American Giants tiketi ya fainali. Kaka yake hakuwapo kuona.

Rube Foster alifariki hospitalini humo tarehe 9 Desemba 1930, akiwa na miaka 51. Maelfu walijitokeza Chicago kumzika. Mjane wake, Sarah, inaelezwa kwamba hakupata kitu katika timu, kwa kuwa ubia ule na Schorling haukuwa na maandishi. Ligi ilikufa mwaka 1931. Jackie Robinson aliingia timu kubwa mwaka 1947.

Foster aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 1981, lakini kama kiongozi. Desemba 2020 wakuu wa besiboli walitangaza kwamba ligi za weusi za 1920 hadi 1948 zihesabiwe kuwa ligi kubwa, na mwaka 2024 takwimu zake zikaingizwa katika kumbukumbu rasmi. Miaka ambayo mrushaji huyu wa Calvert alikuwa katika kilele chake, 1902 hadi 1910, haimo.